Ufunguo wa Tatu

Siku ile mjinga alikuwa Kitasa. Mwenyewe hukiri hivyo kwa kila anayemletea ufunguo wa kuchonga, hata kama mteja hakuuliza, hata kama mteja ana haraka zake.

Alikuwa fundi wa makufuli na funguo. Kibanda chake kiliegemeana na cha kinyozi, katikati ukuta mmoja wa bati, kinyozi akipiga chafya upande huu, funguo za Kitasa zinalia kwenye misumari yake upande ule. Jina la Kitasa walimpa kwa kejeli: kitu pekee alichoshindwa kukifunga maishani kilikuwa mdomo wake. Lakini kazini alikuwa na mwiko mmoja, na huo hakuufanyia mzaha. Hakufungua mlango wa mtu pasipo mwenyewe kusimama hapo. Walimjia wake wenye wivu, wakaja wenye nyumba wanaotaka kuwatoa wapangaji wakiwa kazini, akawarudisha wote. "Mlango una mwenyewe," aliwaambia. "Mlete, nifungue hata kwa jino."

Asubuhi moja alikuja shemeji yake, mke wa kaka yake mkubwa. Kitasa alikuwa na tupa mkononi, akisugua meno ya ufunguo.

"Karibu, shemeji! Umekuja kuchonga ufunguo wa moyo wa kaka? Ule umeota kutu, nitahitaji mafuta ya taa."

"Leo sina cheko, shemeji. Nina fomu."

Akaitoa kwenye mkoba. Kitasa alijua inahusu nini kabla hajaisoma. Kaka yake alikuwa na duka la vifaa vya umeme. Miezi mitano nyuma majambazi walivunja mlango wa nyumba, wakampiga nyundo ya bega, wakamwacha sakafuni. Akaomba leseni, akahojiwa, akapewa bastola kihalali kabisa, na muhuri juu yake. Tangu hapo hakuuza hata balbu. Alikuwa anashinda sebuleni kwenye kiti kinachotazama mlango, bastola mapajani kama paka.

"Juzi niliangusha sufuria jikoni," shemeji alisema. "Nilipoinua macho, ilikuwa inanitazama. Mdomo wake ule, hapa." Akajigusa kati ya nyusi. "Halafu akaniambia pole, mke wangu, akarudi kitini."

"Ana kihoro tu. Kitapita."

"Sheria mpya inasema ndugu wakiandika, bastola inakaa kituoni miezi mitatu, yeye anapelekwa kwa daktari. Leseni haifutwi. Inataka saini mbili tu, ya mmoja wa nyumbani na ya ndugu mmoja wa kuzaliwa naye. Mimi nimetia yangu. Wa kuzaliwa naye umebaki wewe."

Kitasa aliiweka fomu juu ya jiliwa, kile chuma cha kubania funguo, katikati ya vumbi la shaba. Aliisoma hadi chini. Kisha akafanya kile alichozoea kufanya kila jambo zito likimkaribia, akatania.

"Leo bastola, shemeji. Kesho watatutaka visu vya jikoni, tukate vitunguu kwa kijiko."

"Na wembe wangu!" kinyozi alidakia ng'ambo ya bati. "Nitanyoa watu kwa maombi!"

Wakacheka wawili wao, na mteja aliyekuwa na povu shavuni akacheka pia. Shemeji hakucheka.

"Nizungumze kiutu uzima basi," Kitasa alisema. "Silaha ni yake, nyumba ni yake, leseni kapewa na serikali hiyo hiyo. Niende nyuma ya mgongo wake? Unanijua mimi. Sifungui mlango pasipo mwenyewe."

"Mwenyewe ataitwa. Ndani ya siku kumi na nne anasimama mbele yao anasema yake. Nimemuuliza afande mara mbili."

"Akisikia nimetia saini, hatanisemesha mpaka kaburini."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye, shemeji." Akaikunja fomu mara nne, polepole, akiipapasa kila mkunjo kama anayekunja nguo ya mtoto. "Basi niambie wewe, nifanye nini?"

Hapo ndipo Kitasa alipopata wazo, na lilimpendeza sana. "Ugonjwa wa kaka uko mlangoni," alisema. "Kile kitasa walichokivunja alikigongelea misumari tu. Nitamfungia kipya, cha chuma. Mlango ukiwa madhubuti, bastola itasinzia yenyewe."

Alasiri ile alikwenda na sanduku lake la zana. Kaka yake alimtazama akifanya kazi bila kunyanyuka kitini. Kitasa alipomwambia kwamba ameletewa karatasi na amekataa kutia saini, kaka alifumba macho.

"Wezi wanakuja na nyundo, serikali inakuja na kalamu," kaka alisema. "Wewe ndiye ndugu, mdogo wangu. Wewe peke yako."

Akampa mkono. Mkono ulikuwa unatetemeka, nao mtetemeko ukapanda hadi kwenye kiwiko cha Kitasa. Aliusikia. Akajiambia ni njaa, maana jikoni hakukuwa na dalili ya chakula, akarudi kukaza skrubu. Yale maneno ya kaka alitembea nayo njia nzima akiyarudia kama wimbo.

Kitasa kipya kilikuja na funguo tatu. Mmoja alimpa kaka, wa pili shemeji. Wa tatu ulikuwa wa binti yao, mtoto wao wa pekee. Alikuwa anasomea uuguzi, akilala bweni la hospitali, na siku za mapumziko alikuja nyumbani bila kutangaza, akijifungulia mwenyewe ili asimwamshe mtu. Huyo ndiye aliyemwita Kitasa "baba mdogo Kelele", na ndiye pekee aliyemshinda kwa utani. Mara ya mwisho alimpima presha pale kibandani, mbele ya kinyozi, akamwambia damu iko sawa, maneno ndiyo yamezidi kipimo.

"Huu nitampelekea mwenyewe kesho," Kitasa alisema, akautia mfuko wa shati.

Kesho yake aliitwa kufungua gari lililofungiwa ufunguo ndani. Keshokutwa shati lilifuliwa. Ufunguo aliutoa mfukoni akautundika kibandani, kwenye msumari, pamoja na funguo nyingine zilizokuwa zinangoja wenyewe. Simu alikuwa nayo. Angeweza kumpigia akamwambia, mwanangu, kitasa kimebadilika, ukija piga hodi. Fundi hasahau jambo kama hilo, labda awe bado anaimba wimbo wa kusifiwa.

Siku ya nne, Jumapili asubuhi, mvua ilinyesha. Binti alitoka zamu ya usiku akapitiliza nyumbani, viatu vya kazi kwenye mfuko wa plastiki. Shemeji alikuwa uani akikinga maji. Kaka alikuwa kitini.

Ufunguo wa zamani uliingia nusu, ukagoma. Binti akautoa, akaufuta kwenye gauni, akautia tena. Akautikisa. Akasukuma kwa bega. Kama aliita, mvua juu ya bati ilimeza sauti. Ndani alikuwamo mtu ambaye kwa miezi mitano hakungoja kitu kingine ila sauti hiyo hiyo.

Polisi waliandika kwamba kitasa hakikuwa na dosari. Risasi zilipita kwenye mbao, shibiri moja juu yake.

Kaka walimchukua bila pingu, maana hakukuwa na haja. Alikuwa anarudia tu, "Niliwasikia wanafungua. Niliwasikia." Bastola ikaenda kituoni siku hiyo hiyo, na haikuhitaji saini ya ndugu.

Siku ya tatu baada ya maziko ya binti, watu walikuwa bado wamekaa uani kwa shemeji, chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki. Kitasa alikuwa amekaa pembeni. Hakuwa ametania tangu Jumapili, na kimya chake kiliwatia watu hofu kuliko kilio.

Kinyozi, kwa nia njema, akajaribu kumtua mzigo. "Ndiyo nisemavyo mimi kila siku. Sheria ilikuwepo, karatasi ilikuwepo. Imezuia nini? Mtu mwema akifungwa mikono, jambazi yuko huru. Siku ikifika imefika."

"Sheria ilikuja," alijibu mwalimu wa nyumba ya pili, mama mtu mzima, bila kumtazama yeyote. "Ilikosa saini."

Hakuna aliyegeuza shingo, lakini Kitasa aliwasikia wote wakimtazama. Na mdomo ule usiofungika ukafunguka.

"Sikukataa kwa ubaya," alisema. "Mungu anajua. Jamani, kaka alikuwa na haki yake. Waliingia kwake wakamvunja bega, nani alimlinda? Nyumba ni yake, mlango ni wake. Mimi ningewezaje? Miaka ishirini na miwili sijafungua mlango wa mtu pasipo mwenyewe kuwepo. Sijawahi. Muulizeni yeyote."

Shemeji alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani. Kwa siku zote zile alikuwa akiitikia pole tu. Sasa aliinuka, akaja mpaka mbele ya kiti cha Kitasa, akamfumbua kiganja kama anavyofumbuliwa mtoto aliyeficha kitu, akamwekea ufunguo wa zamani. Hospitali walimrudishia pamoja na viatu.

"Mwenyewe alikuwepo, shemeji," alisema. "Alikuwa amesimama nje na ufunguo wake mkononi."