Pigo Moja Kila Sekunde

Shadia alinikuta kwenye kituo cha redio nikiwa na miaka kumi na minne ya ufundi, na ndani ya miezi mitano akanifanya nionekane mwanafunzi. Nilimwonea wivu. Sizunguki: nilimwonea wivu hadi chai ya asubuhi ikawa hainishuki.

Mwezi wa nne wasikilizaji wa Mgeta walianza kulalamika kwamba redio yetu inaingiliwa na mlio, tak, tak, tak. Meneja, Mzee Mwinshehe, akatuambia sisi wawili kwamba atakayepata chanzo ndiye mkuu mpya wa mafundi. Cheo hicho nilishawatangazia hadi wakwe zangu kuwa ni changu.

Siku tatu nilikodolea macho analaiza, chombo kinachochora mawimbi ya redio kwenye kioo, nisione kitu. Shadia akasogea.

"Kaka Kasiani, umekiweka kitoe wastani. Mapigo ni mafupi, yanamezwa. Tukiache kishike kilele cha kila pigo."

Akabonyeza, mapigo yakasimama kwenye kioo kama meno ya kitana. Mafundi wakampigia makofi. Mimi nikatoka nje, nikajifanya napokea simu.

Kesho yake tulipanda Mgeta na Mzee Mwinshehe kusaka yanakotoka. Nilibeba pia analaiza ya zamani, inayoweza kutoa mawimbi ya majaribio. Nikaificha garini chini ya turubai, nikaiwasha itoe mapigo ya uongo, moja kila sekunde. Mwache ahangaike, nikasema moyoni, chanzo halisi nitakitafuta mwenyewe.

Shadia alipanda na kushuka mashamba ya kabichi na antena mkononi, jasho likimtoka. Nilifurahi, na wala sioni aibu kusema hivyo. Kisha akasimama, akapima muda kati ya pigo na pigo, akaja moja kwa moja hadi garini na kufunua turubai.

"Ya jana yalikuwa yanayumba kidogo," alisema. "Haya hayayumbi hata chembe. Yanatoka kwenye chombo."

"Nani kaweka hiki?" Mzee Mwinshehe akauliza.

Nikajifanya nakunja turubai. Shadia akanitazama, akamgeukia mzee.

"Ni kaka Kasiani. Alitaka nijue kutofautisha mapigo ya majaribio na ya kweli kabla hatujaanza."

Mzee akanipiga bega, akasema hajawahi kuona fundi anayefundisha wenzake hivyo. Kabla ya saa kumi Shadia alikuwa amekipata chanzo: uzio wa umeme wa kuzuia nguruwe pori, waya wake ukigusa majani mabichi na kutoa cheche karibu kila sekunde.

Tulipokuwa tunakunja nyaya nikamuuliza kwa nini alinisitiri.

"Nilipofika kituoni, kaka, wewe peke yako ndiye uliyenionyesha kushika chombo kile. Wengine walinicheka."

Jumatatu barua ya ukuu wa mafundi ikatoka, ina jina langu: mzee aliandika kwamba anayepata chanzo ni fundi hodari, lakini anayefundisha wenzake ndiye mkuu. Shadia alikuwa wa kwanza kunipa mkono, na mkono wake haukuwa na kinyongo. Nimepata cheo, na bado namwonea wivu. Safari hii si kwa ajili ya ufundi wake.