Bawa Lisilo na Pengo

Kuku wangu wa tatu alipopotea, nilipanda ngazi za ploti yetu hapa Tassia na unyoya mkononi na hasira kooni. Mativo, mpangaji wa chumba cha juu kabisa, alikuwa amelala chali paani na kamera yake ndefu, hatua chache tu kutoka bandani kwangu. Sikuwahi kumwamini. Mwanamume mzima anashinda juani akipiga picha za ndege, kwani amekosa kazi?

Mume wangu, Idarusi, alisema mwizi ni mwewe. Kila kuku alipotoweka, yeye ndiye aliyepanda jioni kuangalia, akashuka na unyoya. "Umeona, Mama Khawla? Ameacha alama." Ilimuuma, maskini, hata jioni hizo hakugusa chakula. Lakini mimi sikumeza hiyo ya mwewe. Mwewe hubeba vifaranga, na kuku wangu hata mimi nawabeba kwa mikono miwili.

"Kuku zangu umepeleka wapi?" nikamuuliza Mativo.

"Mimi? Mama Khawla, mimi hata kuchinja siwezi." Akaketi, akautazama unyoya. "Hii umetoa wapi?"

"Baba Khawla ameiokota hapa jana jioni."

Akauchukua, akaugeuza taratibu. "Ona huu mti wa katikati. Upande mmoja mwembamba, huo ndio unakata upepo. Mwingine mpana. Hii ni ya ncha ya bawa. Sasa cheki hapa."

Akaniwekea kamera mbele ya uso. Mwewe alikuwa ametanda angani, manyoya ya ncha yameachana kama vidole, kila moja mahali pake.

"Nimempiga leo asubuhi. Hapa wako wawili tu, wanakaa pale kwa mnara wa simu. Mmoja akiangusha unyoya wa hapa, pengo inaonekana wiki mingi mpaka ingine imee. Tafuta hiyo pengo."

Nililitafuta kwa hamu, maana nilitaka awe mwongo. Bawa la kushoto, zima. La kulia, zima. Akanisogezea picha ya mwenzake, naye mzima pande zote.

"Na hii imekwisha ncha," akaongeza. "Imekaa chini siku mingi mahali."

Nikamnyang'anya unyoya, nikaunusa. Ulinuka moshi wa takataka. Harufu hiyo naifahamu, huwa naifua kila juma kwenye mashati ya Idarusi. Yeye hununua plastiki pale jaa la Dandora, na mwewe wa Dandora hawana idadi. Nilitamani harufu ile iwe ya Mativo. Iliniuma kuliko kuku wote.

Kesho yake alfajiri, Idarusi akiwa bado amelala, niliwahamisha kuku wawili waliobaki hadi chumbani kwa Mativo. Yeye alitandika magazeti tu. Kulipokucha nikamsikia mume wangu akipanda paani na gunia lake la kazi. Alikaa huko kidogo, akashuka, akaenda zake bila kuaga.

Jioni alirudi, akapitiliza moja kwa moja hadi juu. Aliposhuka alikuwa na unyoya.

"Mwewe amemaliza wote, Mama Khawla. Pole."

"Nimeshapoa," nikasema, nikampakulia ugali na sukuma. Nikaketi kumtazama. Alikula akamaliza, akaomba nyongeza, akaimaliza nayo. Alikuwa na njaa ya mtu aliyeshinda bila kitu tumboni.

Juu yetu kuku akalia, mara moja, kutoka upande wa chumba cha Mativo. Idarusi akainua macho darini. Nikauchukua ule unyoya, nikauweka kando ya sahani yake.

"Zile jioni kuku walipopotea," nikamuuliza, "ni nani alikuwa anakupikia?"