Kibao cha Marehemu Festus

Kwa miaka arobaini Malachy Considine, mpiga fidla wa bendi, hakuwahi kuanza kibao cha mwisho bila maneno haya: "Hiki alikitunga Festus Hehir, Mungu amlaze pema." Watu wakiinamisha vichwa, ndipo fidla inaanza kulia.

Leo, katika sherehe ya bendi ukumbini, mjini Ennistymon huko Ireland, wakati wa mapumziko, Dympna mpiga kodiani alimfuata nyuma ya jukwaa na kikombe chake cha chai.

"Malachy, marehemu wako kaja."

"Marehemu gani?"

"Hehir. Yuko mstari wa mbele, anakula keki."

Lo! Malachy akachungulia. Kizee cha miaka tisini, kofia magotini. Kumbe kufa hakufa, alikwenda Leeds, Uingereza, kujenga barabara! Na kwao, jimbo la Clare, ndivyo ilivyo: usipoandika barua miaka kumi, unaombewa misa ya wafu. Aliyewapa wanabendi kaseti ya kibao hicho alisema mtunzi ni marehemu, nao wakaamini.

"Nimekwisha," Malachy alisema. "Nimekula jasho la mtu, na tena nimemzika akiwa hai. Atanisema mbele ya ukumbi mzima."

"Akuseme, stahili yako. Nenda kamwombe radhi, usinitolee macho mimi!"

Akaenda hadi mstari wa mbele.

"Mzee Hehir, mimi..."

"Nakujua. Wewe ndiye unayeniua kila wiki."

"Nisamehe, mzee wangu. Tulipaswa kukutafuta. Hatukukutafuta."

Mzee akafuta makombo ya keki mdomoni, akamshika mkono.

"Sikiliza, kijana. Kibao hicho nilimtungia Nuala wangu, siku ya harusi yetu. Fidla nikaiuza, maisha yakanisonga. Tangu nimzike mke wangu nakitafuta kichwani, sikipati. Mngekitupa nyinyi, kingekuwa kimepotea. Juzi nilisikia kipande chake redioni mkikipiga, nikapanda meli nije nikisikie chote. Ila polepole, jamani! Nyinyi mnapiga kama mnafukuzwa na mbwa."

Malachy alishusha pumzi ndefu, akacheka, machozi yakamtoka. Hakuwa mwizi. Alikuwa amemtunzia mtu amana yake bila kujua.

Walipopanda jukwaani, mazoea yakamponza.

"Hiki alikitunga Festus Hehir, Mungu am..."

Dympna akampiga teke.

"...amzidishie umri!"

Ukumbi ukaangua kicheko, na mzee akapunga kofia. Wakakipiga polepole, namna ambayo hawakuwahi kukipiga. Raundi ya kwanza mzee alikaa tu, amefumba macho. Raundi ya pili akaanza kutikisa kichwa. Ya tatu vidole vyake vikawa vinatembea juu ya ukingo wa kofia, noti kwa noti, na havikukosea hata mara moja.