Chumba Kilichohamia kwa Mwenyekiti

Muuguzi alikuwa akipanga sindano mpya mezani, katika chumba cha kuhudumia watumiaji wa dawa za kulevya, wakati jirani mmoja alipomwaga ndoo ya maji machafu kizingitini, kama ilivyokuwa kila asubuhi. Akachukua tambara, akapiga deki. Mwenyekiti wa mtaa, mwenye duka la mbao, alisimama nje na majirani zake.

"Hamisha mateja wako," alisema.

"Ni wateja wetu," muuguzi alijibu. "Wanapata sindano safi wasiambukizane. Mtu akizidiwa, tuna dawa ya kumrudisha."

"Mateja, wateja, mimi hapa nataka pawe peupe."

Majirani wakacheka. Jioni ile chumba kiliondoka. Kilijing'oa na meza yake, benchi lake na muuguzi aliyekuwa bado ananawa mikono, kikaingia nyumbani kwa mwenyekiti na kujipachika kati ya sebule na jiko. Mke wa mwenyekiti, aliyekuwa akichambua mchele, alisogeza ungo kukipisha.

"Shikamoo, mama. Samahani kwa usumbufu," muuguzi alisema.

"Marahaba. Watu wako wapitie mlango wa nyuma. Sebuleni kuna zulia."

Wakapitia nyuma. Kwenye foleni alikuwamo kijana aliyevaa shati la mikono mirefu licha ya joto. Huyo ndiye mtoto pekee wa mwenyekiti. Baba yake alikuwa amemfukuza, kisha akautangazia mtaa kwamba amekwenda kusoma ng'ambo.

"Shikamoo, baba."

Mwenyekiti alimgeukia muuguzi. "Na huyu huwa anakuja?"

"Tangu tulipofungua. Siku hizi amepunguza. Ameanza hata kuulizia matibabu."

"Mwambie asiniamkie."

Kesho yake mwenyekiti alileta matofali na saruji, akaziba upande wote wa sebuleni. Mkewe alimkorogea saruji.

Wiki haikuisha, kikasikika kishindo nyuma ya ukuta, kisha sauti ya muuguzi ikimwita kijana aamke. Mama alitupa mwiko, akazunguka mbio hadi mlango wa nyuma. Akamkuta mwanawe sakafuni, midomo imebadilika rangi. Muuguzi alimdunga dawa, akampulizia pumzi, akangoja, akampulizia tena. Mama alikishika kichwa cha mwanawe mpaka kifua kikaanza kupanda na kushuka. Sebuleni, mwenyekiti aliongeza sauti ya redio.

Jumapili kamati ya mtaa ilikutana pale pale sebuleni. Walikaa wakiegemea ukuta mpya na kuusifu ulivyonyooka. Ajenda ilikuwa moja, kuwaondoa mateja mtaani kabisa. Nyuma ya matofali mtu alikohoa, na sauti ya mama ikasema taratibu, "Kunywa kidogokidogo, mwanangu."

Mjumbe mmoja aligeuza shingo. "Mwenyekiti, una mgonjwa humo?"

"Humo hamna mtu," mwenyekiti alisema. "Wanaokubali wanyooshe mikono."

Wakanyoosha wote.