Rangi ya Mfalme

Siku baba yake Mokihana alipoanguka kutoka kwenye ngazi, brashi yake ilibaki imenata begani mwa sanamu ya Mfalme wa kale wa kisiwa chao. Mzee alikuwa na miaka themanini na mmoja. Walipomfikisha hospitali ya Hilo alikuwa amekwisha kukata roho, rangi ya kahawia ingali kwenye kucha zake.

Tangu hapo Mokihana alizunguka njia ya nyuma ili asiione ile sanamu. Mtu amekufa yapata miaka mia mbili sasa, na bado anawatoa watu roho! Alimchukia Mfalme kama achukiwavyo mgeni aliyekula tonge la mwisho la wenyeji.

Basi Bwana Whitlock, mtaalamu kutoka bara, alipoitisha mkutano ili rangi ikwanguliwe na sanamu irudishiwe dhahabu, Mokihana alikwenda kukubali. Wazee walikuwa wamekwisha kusema: neno la binti wa mpakaji ndilo litakaloamua.

"Sema upesi, mwanangu," Anti Kuulei, aliyeketi kando yake na bakuli la uji wa magimbi, alimnong'oneza. "Poi yangu ikichacha, utaila wewe."

Bwana Whitlock alisimama. "Samahani, lakini mmemfanya Mfalme mwanasesere. Mchongaji alikusudia dhahabu. Marehemu alikuwa akibahatisha tu."

Mokihana alihisi damu ikimpanda kichwani. Akajiona ana miaka saba, mkono wake ukiwa juu ya goti la baba yake, naye baba akimdondoshea matone ya rangi, akichanganya, akifuta, akidondosha tena. Asubuhi nzima. Tone likipotea juu ya ngozi, hiyo ndiyo rangi ya Mfalme.

"Hakubahatisha," alisema. Akakunja mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko. "Alipimia hapa."

"Naelewa, mama. Lakini dhahabu ilikuwa nia ya msanii."

"Na ngozi ilikuwa nia ya mama aliyemzaa."

"Mjibu sasa, kaka," mtu alisema kutoka viti vya nyuma, na watu wakacheka.

Mokihana hakucheka. Hasira aliyokuja nayo haikupungua hata chembe. Iligeuza uso tu, ikamwelekea Bwana Whitlock. "Haikwanguliwi," alisema, akaketi.

Sasa ni yeye ampakaye Mfalme, kila Mei, kabla ya sikukuu yake ya Juni, anapovishwa mashada ya maua. Hupaka bila kumsemesha. Jana alimaliza miguu. Kesho, mvua isiponyesha, ataanza uso.