Fuko Aliyepewa Mabawa

Ndani ya chumba cha kushonea magodoro, sufi haijui kutulia. Mtu akifungua mlango, inaamka. Mtu akipiga chafya, inahama ukuta huu kwenda ukuta ule. Mchana, jua likipenya dirishani, nyuzi zake hupanda taratibu kwenye mwanga kama zinaitwa na mtu juu darini, kisha husahau zilikoitwa zikaanza kushuka tena. Bibi amefanya kazi humo miaka na miaka, na hakuna ajuaye nywele zake zilianza lini kuwa nyeupe, maana sufi iliwahi kukaa kichwani kabla ya mvi.

Siku hiyo mjukuu wake alikuwa ameketi juu ya gunia, miguu ikining'inia. Nyumbani walimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukuwa na breki. Alizaliwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, akawa anaiona dunia kama mtu anayechungulia ndani ya glasi ya maziwa. Jicho la kushoto lilikwisha kupasuliwa. Daktari alifanya kazi yake vizuri, lakini Chiriku alipozinduka akakuta kafungwa bandeji macho yote, aliingiwa na hofu ya giza, akaivuta, akalikuna jicho, mshono ukaachia. Jicho lile likabaki kuona mwanga na kivuli tu. Sasa ilikuwa zamu ya jicho la kulia, na zamu hiyo ilikuwa kesho.

"Hili likiharibika," daktari alikuwa amemwambia Bibi kwenye korido ya hospitali, "hatuna la tatu. Asiguse mpaka nije kufungua mwenyewe. Akishindwa, itabidi tumfunge mikono kitandani."

Neno hilo la kufunga mikono Bibi alirudi nalo nyumbani.

"Bibi, leo unanisimulia nini?" Chiriku aliuliza.

"Leo hatusimulii. Leo tunapanga," Bibi akasema, huku akichambua sufi ya godoro kuukuu, mabonge akiyaweka kando. "Kesho unahitaji hadithi ya kwenda nayo. Hadithi ya kwenda nayo haiokotwi njiani."

Bibi alikuwa na namna yake ya kazi ambayo wateja waliicheka. Mtu akija kuagiza godoro, hakumuuliza kwanza upana wa kitanda. Alimuuliza: unalala ubavu au chali? Unaumwa wapi ukiamka? Unalala na nani, na huyo naye anapiga mateke? Mpaka amjue mlalaji ndipo anagusa sufi. Hadithi za mjukuu wake nazo alizipanga vivyo hivyo.

"Haya. Mlalaji wetu nani?"

"Mimi."

"Anaumwa wapi?"

"Haumwi. Anaogopa."

"Anaogopa nini?"

Chiriku alizungusha kidole kwenye tundu la gunia. "Giza la bandeji. Siyo kama giza la kulala, Bibi. Lile linakukaba."

"Basi anataka malaika wa kumlinda."

"Malaika mnyama," Chiriku akadakia. "Wale wa watu ni warefu mno, nitaongea na magoti yao. Halafu awe mgeni kazini. Ndiyo kwanza ameajiriwa."

"Mgeni wa nini? Si afadhali mzoefu?"

"Wazoefu wana watu wengi wa kulinda. Wangu awe na mimi tu."

Wakaanza kutafuta mnyama.

"Tembo?"

"Hatoshei chini ya kitanda."

"Simba?"

"Akipiga miayo tu, wodi nzima inakimbia na dripu zao."

"Kuku?"

"Aa, Bibi! Kuku analala mapema kuliko mimi. Nani atamlinda mwenzake?"

Bibi alicheka mpaka sufi ikamwingia mdomoni, akatema. Mwisho walimpata paka. Paka mweupe, mabawa yake mapya bado yana uzi wa fundi ambao hakuna aliyekumbuka kuukata. Hajui kutua. Kila akishuka kutoka mbinguni anaangukia kwenye beseni la mtu. Lakini macho yake, Bibi alisema, macho yake ni taa mbili. Chiriku akizinduka kesho na kukuta giza, amwite tu, paka atakuja na kumulika ndani ya bandeji kote, giza likose pa kukaa.

"Kweli atamulika?"

"Atamulika mpaka uombe azime."

Chiriku alifumba macho akalijaribu lile giza la uongo. Jua la dirishani lilimwangukia usoni, na ndani ya kope zake kukawa na rangi ya chungwa. "Ninamwona," akasema. Bibi akafurahi, akamwona mjukuu wake amepona nusu.

Kesho yake walimchukua asubuhi. Bibi alikaa kwenye benchi la korido, mikono mapajani, vidole vikichambua hewa kwa mazoea. Mama yake Chiriku alikuwa safarini kikazi, kila mara simu ikilia ni yeye. "Bado?" "Bado, mwanangu. Tulia." Hata yeye Bibi hakutulia.

Mchana wakamrudisha wodini amelala, uso mdogo, bandeji kubwa macho yote mawili. Nje kulikuwa na jua kali kweli kweli. Shuka ziliwaka weupe, pazia lilijaa upepo likashusha pumzi, na katikati ya mwanga wote ule mtoto alikuwa peke yake ndani ya usiku wake.

Alipozinduka, hakulia. Alinong'ona, "Paka."

Bibi akasogeza kiti. "Nipo hapa, mke mwenzangu." Ndivyo walivyotaniana tangu marehemu Babu yupo, kila mmoja akidai ndiye mke mkubwa.

"Sikuiti wewe. Ninamwita paka." Akangoja. "Paka!" Akangoja tena. "Bibi, hajamulika."

"Yuko njiani."

"Ulisema nikimwita tu. Nimemwita. Kuko giza tii!" Sauti ilianza kupanda, kifua kikaanza kwenda mbio. Mkono wa kulia ukatoka chini ya shuka, ukapanda shavuni, kidole kikagusa ukingo wa bandeji.

Bibi akaudaka ule mkono. Wa kushoto nao ukapanda. Hakujua mtoto mdogo ana nguvu zile. Kwa nyuma alisikia viatu vya muuguzi, akageuka akamwona amesimama na vipande viwili virefu vya kitambaa laini, uso wake wa huruma, lakini vitambaa vimekwisha kunjuliwa.

"Mama, naomba nipite," muuguzi akasema. "Si kwamba napenda."

"Dakika moja, mwanangu. Moja tu."

Hapo ndipo Bibi alipoliona kosa lake, na lilikuwa kosa la fundi magodoro. Alimpima mlalaji akiwa ameketi juani, juu ya gunia, macho yakipokea mwanga. Aliyelala hapa alikuwa mtu mwingine kabisa, na godoro alilomletea lilikuwa la yule wa jana. Tena alimwahidi taa. Mtu aliyeahidiwa taa huona giza mara mbili.

Angeweza kumtetea paka. Angeweza kusema kakwama kwenye beseni. Badala yake akasema, "Paka nimemfukuza kazi."

Mikono ikasita. "Umemfukuza?"

"Sasa hivi. Alidanganya. Alisema macho yake yanapenya bandeji."

"Hakudanganya yeye. Ulidanganya wewe."

Nyuma ya Bibi muuguzi alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayeficha kicheko. "Kweli," Bibi akakubali. "Basi na mimi nimefukuzwa. Hadithi haina fundi wala malaika. Panga wewe."

"Mimi siwezi kupanga, sioni!"

"Wewe ndiwe uliye humo ndani. Mimi niko nje, sijui kukoje. Niambie, nani anaweza kukaa humo asiogope?"

Mikono ilikuwa bado hewani, imeshikwa na Bibi, lakini haikuvuta tena.

"Bundi," Chiriku akasema.

"Haya, bundi."

"Hapana. Bundi ana macho makubwa, atanitambia." Akafikiri. "Popo?"

"Popo naye hodari."

"Ananing'inia. Atanidondokea usoni." Pua yake ikavuta kamasi. "Bibi, yule anayechimba chini ya ardhi anaitwaje? Anayeacha vichuguu vya udongo?"

"Fuko."

"Fuko anaona?"

"Haoni lolote la maana."

"Na haogopi?"

"Aogope nini? Giza ndiyo nyumba yake. Kazaliwa humo, anakula humo, anawaamkia jirani zake humo. Ukimtoa nje juani ndipo anapata hofu."

Chiriku akasema polepole, "Fuko alipewa mabawa, lakini mbinguni hakujua pa kuyaweka. Maana kila mtu anaruka, yeye anataka kuchimba. Akachimba mawingu."

"Ehe!"

"Akatoboa mawingu yote. Malaika wengine wakawa wanatumbukia. Wakamwambia, we mgeni, unaharibu barabara! Nenda chini ukalinde mtu mmoja, na mtu mwenyewe awe amefungwa macho."

"Akaja?"

"Anakuja. Anachimba." Sauti ilikuwa imeshuka. "Mikono yake ikoje, Bibi?"

Bibi akaishusha ile mikono miwili taratibu, akaikunja vidole kama kucha, akaiweka chini ya shuka, viganja juu ya godoro. "Iko hivi. Mikono ya fuko haipandi usoni. Usoni hakuna udongo. Kazi iko huku chini."

Vidole vikakwaruza godoro. Mara moja. Mara nyingine. Chini ya shuka nyeupe kukapanda vilima viwili vidogo, vikasogea, vikazama.

Bibi alipogeuka, muuguzi alikuwa anavikunja vile vitambaa.

Siku zilizofuata zilipita kama ndoto ya mchana, mtu hajui ilianza wapi. Bibi alikaa kitini, Chiriku akawa anachimba. Njia za fuko zilipita chini ya kitanda, chini ya korido, chini ya jiko la hospitali ambako fuko alinusa mchuzi akapotea kidogo. Alipita chini ya chumba cha magodoro, akakuta sufi inashuka kutoka juu kama mvua isiyolowesha, akadhani ni mawingu yale aliyoyatoboa yanamfuata kumdai. Aliomba radhi. Mabawa yake aliyatumia kusukumia udongo nyuma, akagundua kuwa ndiyo kazi yaliyoumbiwa. Jicho lilipowasha, na liliwasha sana, Chiriku alisaga meno akasema, "Hapa pana mwamba," akachimba kwa nguvu mpaka jasho likamtoka puani, mwamba ukapita. Bibi akitaka kuongeza jambo, aliambiwa, "Nyamaza, wewe ulifukuzwa." Akanyamaza. Mara moja tu aliruhusiwa kumpa fuko maji.

Siku ya kufungua, daktari aliingia haraka haraka kama kawaida yake, mkasi mkononi, wagonjwa wengine wakimsubiri.

"Haya, binti. Tunafungua."

Mikono ya Chiriku ilikuwa chini ya shuka. "Bado kidogo, daktari."

"Bado nini?"

"Yuko katikati ya njia. Ukifungua sasa, mwanga utamkuta hajatoka. Ataogopa."

Daktari alimtazama Bibi. Bibi akatazama dirishani, maana hakutaka uso wake umwambie mtu lolote. Mtoto aliyerarua bandeji mara ya kwanza alikuwa anamwomba daktari asiharakishe. Daktari akashusha mkasi. Akavuta kiti akakaa, kitu ambacho muuguzi alisema baadaye hajawahi kukiona wodini.

Vilima viwili vilisogea chini ya shuka, vikateremka hadi ukingoni mwa kitanda, vikatulia.

"Ameshapita," Chiriku akasema. "Fungua."

Mkasi ukakata. Pamba ikatoka, kipande kwa kipande. Daktari akainama na kurunzi yake, akalitazama lile jicho muda mrefu, akarudia tena, kisha akashusha pumzi. "Mshono mzima," akasema. "Haujaguswa hata kidogo."

Bibi akashika ukingo wa kitanda.

Chiriku alipepesa. Machozi yalimjaa, akayaacha yamwagike yenyewe bila kuyafuta. Mbele yake kulikuwa na kitu cheupe, kikubwa, kinajaa na kupungua, na pole pole kikapata kingo, kikapata mikunjo, kikapata maua madogo ya buluu yaliyochapwa juu yake, moja moja, kila ua na majani yake.

"Bibi," akasema, "kumbe pazia lina maua."