Kichwa cha Sindano cha Wifi

Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, Kimya alipangusa ncha ya sindano ya gramafoni kwa brashi laini, akaishusha juu ya santuri ya kupimia, kisha akaketi kungoja. Santuri ile haikuwa na wimbo. Ilitoa mlio mmoja tu, ulioanzia chini kama ngurumo ya mbali, ukapanda polepole mpaka ukawa mwembamba kama wa mbu. Kwenye kompyuta mstari ulijichora. Ukinyooka, kichwa cha sindano, kile kidude kinachoishika, kinatoa sauti zote sawasawa. Ukiinama mwishoni, sauti za juu zinapotea.

Siku hiyo mlio ulikuwa katikati mlango ulipofunguliwa kwa kishindo. Sindano ikaruka.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Alikuwa mchumba wa kaka yake. Kaka mwenyewe alimfuata nyuma, akicheka hadi gego.

Apone nini? Kimya alijiuliza moyoni, akainua sindano.

Karakana hiyo ya gramafoni, pamoja na duka lake, ilikuwa ya Kimya na kaka yake. Kimya alipima, kaka alisikiliza, na jioni waliketi kwenye kochi lililochakaa wakabishana nani kapatia. Kaka ndiye aliyempa jina la Kimya, maana aliongea kana kwamba maneno yanauzwa. Lakini pale kochini aliongea hadi koo likamkauka. Tangu uchumba uanze, kaka aliketi pale na wifi, na Kimya akabaki na kigoda chake.

"Wifi, nimekuletea mshindani," mgeni alisema, akifungua kikasha kidogo. "Hiki ni kichwa cha sindano cha mashine yangu ya nyumbani. Kaka yako anasema kinaimba vizuri kuliko chenu cha dukani."

"Nilisema kinakaribia! Usinichonganishe na dada yangu."

"Ulisema kuliko. Bwana harusi, anza kusema kweli mapema."

Wakacheka wote wawili. Kimya alitabasamu kwa midomo tu. Kile cha dukani alikichagua yeye, baada ya kupima kila kilichokuwa kabatini.

"Haya, vishindane," kaka akasema. "Kitakachoshinda ndicho wateja watakachosikia."

Kimya akapima chake kwanza. Mstari ulinyooka, ukayumba kidogo tu karibu na mwisho. Kisha akafunga cha wifi. Mezani palikuwa na nyaya mbili za kupeleka sauti kwenye kompyuta. Mfupi ndio wa kupimia. Mrefu hula sauti za juu, na kaka ndiye aliyemfundisha hivyo. Mkono wa Kimya ukachukua mrefu. Aliuona. Akauchomeka. Kaka hakuona kitu. Alikuwa akimtoa wifi uzi begani.

Mstari wa wifi ulikwenda vizuri, kisha ukaanguka kama mtu aliyekosa ngazi.

"Masikini," wifi akasema, akicheka kinyonge. "Kumbe miaka yote nilikuwa najidanganya."

"Hakuna pole hapa," kaka akasema. "Dada akipima, imekwisha. Sijawahi kurudia kipimo chake hata siku moja."

Maneno hayo yakamwingia Kimya kama mwiba chini ya ukucha. Alitazama kile kikasha kikifungwa taratibu, vidole vya wifi vikitafuta kifuniko.

"Kirudishe," akasema.

Akakifunga tena kwenye mashine, akachomoa waya mrefu, akaweka mfupi. Mlio ukapanda tena, na safari hii mstari ukanyooka mpaka mwisho, bila hata kuyumba. Kilikishinda cha dukani wazi kabisa.

Kaka aliuokota ule waya mrefu, akautazama, akamtazama dada yake.

"Wewe hukosei waya."

"Sikukosea."

"Sasa?"

Wifi akamshika kaka mkono, anyamaze. Kimya alihisi masikio yanawaka. Ingekuwa rahisi kuinama juu ya brashi yake na kupangusa, kupangusa tu, mpaka wachoke kungoja.

"Nakuonea wivu, wifi," akasema. "Zamani kaka alikuwa anakaa na mimi pale kochini."